Wimbo Ndani ya Hadithi

Wako wasemao kwamba nyimbo katika picha za sinema za Kihindi ni kupoteza wakati, maana hadithi husimama ili watu waimbe. Twakubali kwamba picha nyingi zina kosa hilo, lakini si zote.

Na tuitazame Awaara, picha ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, iliyopendwa sana Unguja na Dar es Salaam. Kijana Raj ni mwana wa hakimu aliyemfukuza mkewe, naye amefundishwa wizi na jambazi Jagga. Ndipo huja ndoto ya dakika 9 hivi, yote kwa nyimbo na ngoma: Raj yumo motoni, alia atolewe, na Rita ampendaye yuko juu, amwita. Ukiuondoa wimbo ule, hutaviona vita vilivyo moyoni mwake.

Wasimulizi wetu wa jioni hapa Tandahimba walilijua jambo hili. Wimbo huimbwa pale mambo yageukapo, na wasikilizaji huitikia. Basi, mwalimu asimuliaye watoto hadithi akauruka wimbo kwa haraka, amewapa ganda la korosho, na korosho yenyewe ameitupa.