Lita Kumi za Oili

Porsche 911 za miaka ya karibuni hazina tena fimbo ya kupimia oili. Mwenye gari akitaka kujua kiasi cha mafuta mazito yanayolainisha injini yake hubonyeza kitufe, husubiri, kisha huoneshwa mchoro mdogo kwenye skrini, na akiuamini mchoro huo basi kazi yake imekwisha, kwa sababu tumbo la gari limefunikwa kwa mabamba ya plastiki na muda wa kubadili oili umerefushwa hadi makumi ya maelfu ya kilomita, ili asipate kamwe haja ya kulala chali chini ya gari lake. Wengi wamelipokea badiliko hilo kwa shukrani. Hata hivyo, pamoja na ile fimbo imeondoka njia kuu ambayo kwayo mtu asiye fundi aliweza kuifahamu injini yenye nguvu nyingi kwa macho, kwa pua na kwa ncha za vidole, na njia hiyo ilifikia ukamilifu wake katika zile 911 za kale zilizopozwa kwa hewa, ambazo zilioneshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963 na kuendelea kuundwa hadi 1998.

Injini ya gari hilo ina silinda 6 zilizolazwa, 3 kila upande, nayo imefungwa nyuma kabisa, ng'ambo ya magurudumu ya nyuma. Hans Mezger, mhandisi ambaye jina lake limeshikamana nayo kuliko la mtu mwingine yeyote, aliifanyia kazi pamoja na kijana Ferdinand Piëch, na injini hiyo ilipewa mfumo ambao wakati huo ulikuwa zaidi mali ya magari ya mashindano, yaani mfumo wa sampu kavu. Katika gari la kawaida oili hukaa ndani ya sampu, ambayo ni karai la chuma lililofungwa chini ya injini, na gari linapokata kona kwa kasi oili hiyo hukimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa badala ya oili, na beringi za krankshafti, yaani ule mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, zikakauka kwa nukta chache zinazotosha kuziunguza. Katika sampu kavu, pampu moja hufyonza oili inayodondoka chini ya injini na kuirudisha kwenye tangi la pembeni, na pampu ya pili huichota humo na kuisukuma tena kwenye beringi, kona iwe kali kiasi gani. Kwa kuwa silinda hazina maji ya kuzipoza, oili hiyo hiyo hubeba pia sehemu kubwa ya joto, na ndiyo sababu gari hili huhitaji oili nyingi kupita matarajio: jumla yake ni takriban lita 13 katika 911 Carrera ya lita 3.2, wakati gari dogo la familia hutosheka na lita 4.

Tangi hilo limejificha nyuma ya gurudumu la kulia la nyuma, na kuwapo kwake ndiko kulikoifanya kazi ya kumwaga oili ya 911 iwe na taratibu zake, kwani oili imegawanyika mahali pawili na vizibo vya kufungua ni viwili, kimoja cha tangi na kimoja cha injini. Anayeijua kazi hii haianzi gari likiwa baridi. Huliendesha kwanza kilomita kadhaa hadi oili ifike joto la takriban nyuzi 85 za Selsiasi, ambapo thermostati, yaani valvu inayofunguliwa na joto, huiachilia ipite katika mabomba marefu hadi kwenye kipozeo kilichopo mbele, ndani ya madigadi ya kulia, na kwa njia hiyo oili iliyolala huko kwa muda mrefu huchanganyika na nyingine kabla ya kutolewa. Oili ya moto ni nyepesi na bado imebeba uchafu wake wote, ilhali oili iliyopoa huuacha uchafu utue na kubaki humo humo ndani. Hata hivyo, baada ya vizibo vyote viwili kufunguliwa, hutoka takriban lita 10 tu, na zile nyingine husalia katika mabomba na kipozeo, jambo ambalo wenye magari hayo walilikubali kwa utulivu, huku walio makini zaidi wakiliacha gari lidondoshe matone usiku kucha, vizibo vikiwa wazi na beseni likiwa chini, ili mkono wa mtu upate chochote ambacho uzito wa oili yenyewe ungeweza kukileta.

Mkono wenyewe ulikuwa na elimu yake. Kati ya mwaka 1968 na 1977 maganda ya injini nyingi za 911 yalitengenezwa kwa magnesiamu, chuma chepesi sana lakini laini, na mtu aliyezoea kukaza nati kwa nguvu za mabega aliweza kuyang'oa meno ya hesi kwa mzungusho mmoja wa spana na kujiletea gharama ya injini kufunguliwa. Katika 911 za kale, hadi modeli ya 911 SC, chini ya injini palikuwa na bamba la duara lililoshikwa na nati 8 ndogo, na juu yake chujio la wavu, ambalo mwenye gari alilifungua, akaliosha, akalirudisha likiwa na gasketi mpya za karatasi, akikaza nati hizo kwa kupokezana, hii kidogo na ile ya upande wa pili kidogo, hadi bamba likae sawasawa bila kupinda. Spana ya kupimia nguvu ilitumika, lakini waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi waliutambua ule wakati ambapo wosha ya alumini, yaani pete laini inayowekwa chini ya kizibo, inaanza kujibana na kuziba, na waliishia hapo. Wosha hiyo haikutumiwa mara mbili. Aliyerudisha ya zamani ili kuokoa senti chache alihesabiwa kuwa hajaielewa kazi.

Kisha huja sehemu ambayo kwa hakika ndiyo moyo wa ufundi huu, nayo ni kuisoma oili iliyotoka. Weusi peke yake haukumtisha msomaji mzoefu, kwa sababu oili inayofanya kazi yake ya kusafisha lazima iwe nyeusi. Alichokitafuta ni mambo mengine. Aliinusa, na harufu ya petroli ilimwambia kwamba gari linapewa mafuta kupita kiasi au linaendeshwa safari fupi mno, lisipate joto la kuyachoma. Aliisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kama mkulima anavyousugua udongo kabla ya kupanda, akitafuta chembe. Alitazama sumaku iliyomo kwenye kizibo: tope laini la kijivu lilikuwa ada ya kila injini, ila vipande vyenye ncha vilikuwa feleji au chuma cha kawaida kilichovunjika mahali fulani, na palihitajika kutafutwa. Mng'ao usioshikwa na sumaku ulikuwa wa alumini au wa beringi, na huo ulikuwa mbaya zaidi. Vipande vya plastiki ya kahawia au nyeusi vilitoka kwenye reli zinazoongoza minyororo ya kemshafti, yaani mihimili inayofungua valvu, na aliyeviona mapema aliweza kubadili reli hizo kabla mnyororo haujalegea, valvu na pistoni zikagongana.

Filta nayo haikutupwa ikiwa nzima. Ilikatwa kwa msumeno au kwa kisu cha makopo, karatasi yake iliyokunjwa ikakunjuliwa kunjo moja baada ya nyingine na kutandazwa kwenye mwanga wa jua, na kila kilichonaswa humo kikaonekana, kwa kuwa filta ni shahidi wa safari nzima tangu oili ilipobadilishwa mara ya mwisho. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa moja na haikuongeza hata chembe ya nguvu kwenye injini. Ilimpa mwenye gari habari, na habari hiyo ilikuwa yake, ameipata kwa macho yake, bila kuisubiri kutoka kwa mtu anayefaidika na matengenezo.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuuthamini uimara wa injini hiyo, kwani iliwahi kupimwa katika barabara zao. Katika mashindano ya Safari Rally, Sobiesław Zasada alishika nafasi ya pili kwa Porsche 911 mwaka 1972, Björn Waldegård akaishika mwaka 1974, na Vic Preston Mdogo wa Kenya akaishika mwaka 1978, bila ushindi wenyewe kupatikana katika miaka hiyo. Ni mwaka 2011 ndipo Waldegård aliposhinda kwa 911 katika Safari Rally ya magari ya kale. Injini iliyovumilia vumbi la aina ile, matope ya masika na mwendo wa maelfu ya kilomita, ilivumilia kwa sababu oili yake ilikuwa nyingi, ilipozwa, na ilitazamwa.

Kutia oili mpya kulidai subira kuliko kumwaga ile ya zamani. Takriban lita 8 zilimiminwa kwa faneli kwenye mdomo wa tangi, ndani ya chumba cha injini, kisha gari likawashwa na kuendeshwa hadi lipate joto kamili, likasimamishwa mahali tambarare, na fimbo ikachomolewa injini ikiwa inaunguruma polepole, kwa maana injini ikizimwa na kukaa muda mrefu oili hushuka kutoka kwenye tangi na kuingia chini ya injini, na fimbo hutoka kavu. Hapo ndipo ilipoongezwa robo lita, ikapimwa, ikaongezwa tena. Mtu asiyejua jambo hilo, hata awe mfanyakazi wa gereji, akichomoa fimbo asubuhi injini ikiwa baridi hudhani gari halina oili, akajaza lita mbili au tatu, na oili iliyozidi ikasukumwa hadi kwenye kisafisha hewa na kutoka nyuma ya gari kama wingu la moshi. Mwaka 1972 kiwanda kilijaribu mpangilio mwingine: tangi lilihamishiwa mbele ya gurudumu la nyuma, na mlango mdogo wa kujazia ukatobolewa nje, upande wa kulia wa bodi. Wahudumu wa vituo vya mafuta walidhani ni mlango wa petroli, wakatia petroli kwenye oili, na mwaka uliofuata mlango huo ukaondolewa. Tukio hilo linafaa kukumbukwa leo, kwani linaonesha kiwanda ambacho bado kilichukulia kwamba mtu atalifungua tangi kwa mkono wake, na kikajisahihisha kwa ajili yake.

Uzembe wa sasa una sura nyingi. Vizibo hukazwa kwa bunduki ya upepo hadi hesi zinakatika, filta hufungwa bila kuangaliwa ndani, na oili huchaguliwa kwa kuwa ni mpya, ingawa viwango vilivyotolewa mwaka 2004 vilipunguza fosforasi katika aina nyingi za oili ili kulinda vifaa vya kusafishia moshi, huku kemshafti za injini za kale zikiwa bado zinaihitaji fosforasi hiyo pamoja na zinki. Wazee wa kazi hii waliyasoma maandishi ya kopo kabla ya kulifungua. Waliibeba pia oili chafu, lita zote 10, wakairudisha mahali waliponunua ile mpya, kwani sheria ya Ujerumani humtaka muuzaji aipokee bila malipo kwa kiasi kile alichokiuza, na ni masikitiko kwamba katika miji mingi ya Afrika Mashariki oili ya namna hiyo bado humwagwa mtaroni au hupakwa kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa, ikaingia ardhini.

Magari yenyewe sasa yamepanda bei, na mengi yamehama kutoka katika mabanda ya walioyaendesha hadi katika kumbi zenye hewa iliyopozwa, ambako huwashwa dakika chache ili wageni wasikie mlio wake, kisha yakazimwa kabla oili haijapata joto la kutosha kuufukuza unyevu, na unyevu huo, ukichanganyika na asidi za petroli iliyoungua, hula kemshafti bila mtu kuona. Pamoja na magari yamehama madaftari. Kitabu cha mwongozo kiliruhusu injini itumie hadi lita 1.5 za oili kwa kila kilomita 1,000, na kwa sababu hiyo mwenye gari mwangalifu aliandika kila nusu lita aliyoiongeza, usomaji wa kilomita siku ile, aina ya oili, na kilichoonekana kwenye sumaku, hata ikawezekana kuona kutoka ukurasa hadi ukurasa jinsi miongozo ya valvu ilivyokuwa ikilika miaka 10 kabla ya moshi wa kwanza. Mnunuzi wa leo hafungui daftari hilo. Huuliza kitabu chenye mihuri ya wakala, na mtu aliyebadili oili ya gari lake kwa mikono yake mwenyewe, mara nyingi kuliko kiwanda kilivyoagiza, akaikata kila filta na kuisoma, huandikwa kwenye tangazo la mauzo kwamba gari lake halina historia ya matengenezo, na bei hupunguzwa.