Chumvi Iliyeyuka Ikapotea

Makala haya yanahakiki sentensi moja tu. Haikutungwa na mwandishi mashuhuri, wala haimo katika diwani yoyote. Imo katika madaftari ya kemia, na huenda imo katika lako pia. Mwalimu hutia kijiko cha chumvi katika bilauri ya maji, hukoroga, kisha huwataka wanafunzi waandike walichokiona. Aghalabu jibu huwa hili: "Chumvi iliyeyuka ikapotea." Ni maneno matatu, na mawili kati yake yana kasoro.

Tuanze na kuyeyuka. Katika mazungumzo ya kila siku neno hili lina kazi nyingi. Barafu huyeyuka juani, mshumaa huyeyuka kwa moto, samli huyeyuka katika kikaango, na sukari nayo, twasema, huyeyuka katika chai. Mpishi hapati hasara kwa usemi huu, maana kila mtu jikoni anamwelewa. Mkemia hawezi kuuvumilia, kwa kuwa hapa matendo mawili yamevishwa kanzu moja. Barafu iyeyukapo haihitaji kitu cha pili; yataka joto tu. Ilikuwa maji magumu, sasa ni maji ya kumiminika, wala hakikuongezeka kitu. Sukari katika chai haikugeuka kioevu kwa nguvu ya joto. Maji yameibomoa chembe kwa chembe, na kila chembe ikazungukwa na maji, hata tonge lote likasambaa. Pasipo maji, jambo hilo halitukii.

Ukitaka ushahidi, tazama vipimo vya joto. Barafu huyeyuka kwa nyuzi 0 za Selsiasi. Sukari yataka nyuzi zipatazo 186, na chumvi ya mezani nyuzi 801. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pale Mombasa, kando ya bahari. Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Basi kama chumvi ingekuwa inayeyuka kweli katika bilauri ya mwalimu wako, maji yote yangalikuwa yamekwisha kuwa mvuke zamani, na kioo cha bilauri kingalikuwa kimeanza kulegea. Lakini wewe umeishika bilauri hiyo mkononi, nayo ni baridi.

Mtihani wa kemia nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza, na lugha hiyo ina kitenzi kimoja cha barafu na kingine cha chumvi. Mwanafunzi aliyefikiri kwa neno moja la jikoni hulitafsiri bila kusita, akaandika la barafu mahali pa la chumvi, na alama ikamponyoka. Mtahini hana hatia. Sisi walimu tunayo. Nakiri kwamba kwa miaka kadha mimi mwenyewe nililiandika kuyeyuka ubaoni kwa barafu na kwa chumvi pia, na walimu wanafunzi wa chuoni wakalinakili, wakaenda nalo madarasani mwao. Sijui ni madaftari mangapi yaliyochafuka kwa mkono wangu.

Wako watu wasemao kwamba hiyo ni dalili ya Kiswahili kutoifaa sayansi. Siafikiani nao hata kidogo. Mtoto aliye na peremende mdomoni haiyeyushi, huimumunya. Nayo humumunyika kwa mate yake, si kwa joto. Hapo lugha ilikwisha kuona tofauti kabla mwalimu hajafungua kitabu. Vitabu vingine vya sayansi huyaita maji yenye chumvi myeyusho, vingine mmumunyo. Mimi nachagua mmumunyo, ingawa sitaficha dosari yake: watu husema pia kwamba kitu kikavu kimemumunyika kinapovunjikavunjika, na unga wa chaki uliosagika haujawa mmumunyo. Utie unga huo katika maji, ukoroge, na baada ya muda utaukuta umetua chini. Hata hivyo neno lenye dosari ndogo ni bora kuliko neno linalodanganya.

Neno la pili, ikapotea, ni baya zaidi, kwa kuwa linadai jambo ambalo hakuna aliyeliona. Pima gramu 100 za maji, pima na gramu 36 za chumvi, koroga mpaka usione punje, kisha weka yote juu ya mizani. Utasoma gramu 136. Iko wapi iliyopotea? (Usizidishe hapo, kwa joto la kawaida ziada itakaa chini hata ukikoroga hadi magharibi.) Maada ni kitu chenye uzito na chenye kuchukua nafasi, nawe umeikariri maana hiyo tangu siku ya kwanza. Mbona basi uisahau chumvi iondokapo machoni?

Kama chumvi ingalipotea majini, watu wa Gongoni, kaskazini ya Malindi, wasingalipata cha kuvuna. Huko maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi za namna mbalimbali katika kila lita, huingizwa katika mabwawa mapana yenye kina kifupi, yakaachiwa jua na upepo. Maji yapunguapo, vilivyomo havitoki kwa pamoja. Hutangulia chokaa, kisha jasi. Na maji yakibaki kama moja ya kumi ya yalivyokuwa, ndipo chumvi ya mezani huanza kufanya punje. Chumvi chungu za magnesiamu hung'ang'ania maji ya mwisho, nayo humwagwa kabla hayajakauka, zisije zikaharibu mavuno. Kila kimoja kiliingia baharini na tabia yake, na kila kimoja chatoka kwa zamu yake. Hiyo ndiyo alama ya mchanganyiko.

Lakini chumvi yenyewe ya mezani si mchanganyiko, ijapokuwa nimesoma majibu mengi yasemayo kuwa ni "mchanganyiko wa sodiamu na klorini." Sodiamu ni madini laini ambayo hutibuka kwa ghadhabu ikiguswa na maji, na klorini ni gesi ya sumu. Hivyo viwili vimeungana vikawa kitu kingine, ambacho wewe hukila kwa ugali. Jua la Gongoni likiwaka miaka mia halitavitenganisha.

Kwa hiyo sentensi yetu ningeisahihisha hivi: "Chumvi ilimumunyika katika maji, na punje zake hazionekani tena." Hazionekani ni neno la haki, kwa sababu lasema lililo kazi ya jicho na kunyamaza. Hata hivyo bado ningemrudishia mwandishi daftari lake mara moja zaidi, aniongezee gramu za chumvi, kiasi cha maji, na joto lake siku ile.