Tezi, Omo na Ngama: Safari ya Jahazi katika Kitabu cha Villiers

Wahenga wa pwani wametuachia methali isemayo: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, akaapo nahodha na mshika usukani. Omo ni mbele, inakotupwa nanga. Ngama ni chini kabisa, tumboni mwa chombo, yanamokusanyika maji yavujayo baina ya mbao. Mtu atatembea juu atakavyo, lakini mwishowe hana budi ashuke ngamani ayafue maji, yaani ayateke na kuyamwaga nje, kwani yakiachwa hakuna safari.

Methali hii inatufaa kuwa kipimo cha kuhakikia maandishi ya safari za baharini. Mwandishi alikaa wapi? Aliona nini kutoka mahali hapo, na nini hakikuweza kuonekana? Katika makala haya tutakipima kitabu kimoja mashuhuri, Sons of Sinbad cha Alan Villiers, kilichochapishwa mwaka 1940.

Villiers alikuwa Mwaustralia, tena baharia wa kweli aliyelelewa na merikebu za matanga. Mwezi wa Desemba 1938, huko Aden, alipanda jahazi kubwa la Kuwait lililoitwa Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Walipita Mukalla na Shihr kuchukua abiria, wakashuka na kaskazi kwenye pwani ya Somalia, wakatia nanga Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja, kisha wakaingia katika delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Kusi ilipoanza kuvuma mwaka 1939 waligeuza omo, wakarejea Kuwait kwa njia ya Muscat na Bahrain.

Hapana budi tukisifu kitabu hiki panapostahili. Mwandishi hakuitazama jahazi kutoka dirisha la hoteli. Alilala juu ya ubao huko tezi kwa miezi, akala walichokula wenzake. Ndiyo maana maisha ya chomboni yanamjia msomaji yakiwa hai: abiria waliosongamana juu ya sitaha, maji ya kunywa yanayopimwa, wali na samaki wa kila siku, sala tano, na nyimbo za mabaharia wanapoitweka foromali na tanga lake zito. Twamwona nahodha akiiongoza njia kwa dira, kwa nyota, na kwa kumbukumbu ya vilima, miamba na rangi ya maji. Lililo bora zaidi ni kwamba Villiers anaueleza uchumi wa safari. Baharia hakupewa mshahara bali fungu la faida, na kabla ya kusafiri alikwisha kukopa. Nahodha naye alikuwa na deni kwa tajiri. Basi kamba iliyowafunga watu wale chomboni haikuwa ya mlingoti tu, ilikuwa pia ya deni.

Lakini tukianza na jina lenyewe la kitabu, tunapata la kuuliza. “Wana wa Sinbad” ni jina linalowatoa watu wa kazi katika karne yao na kuwatia katika hekaya. Sinbad hana deni kwa tajiri wala hapati homa ya mbu. Mwandishi alizipenda jahazi kama mtu apendavyo kitu kinachokaribia kufa. Alikwenda kuyaona mabaki ya enzi ya matanga. Mtazamo huo una huruma, lakini una hatari yake. Ukiamini kwamba unaandika wosia wa maiti, hutauliza nani anajifunza kazi hii leo na nani atairithi kesho.

Upungufu wa pili unaonekana bandarini. Mwandishi aliyelala tezi alishuka pwani akifuatana na watu wa tezi. Aliingia katika nyumba za wafanyabiashara, akanywa kahawa, akasikiliza habari za bei. Mjini anayaona mengi, ila anayaona kutoka baraza ya mwenye mali. Hata huko Rufiji, ambako anaandika kwa uchungu juu ya tope, mbu na taabu ya kupakia, moyo wake uko kwa mabaharia waliokuja. Mtu wa delta aliyeijua mikoko, aliyejua mti upi umekomaa na mfereji upi unapitika maji yajaapo, anabaki pembeni mwa picha. Boriti zile zilikwenda kuezeka nyumba za Arabuni, katika nchi isiyo na miti. Shoka lililozikata lilikuwa mkononi mwa nani? Kitabu hakitupi jibu la kutosha.

Tufike sasa kwenye matengenezo, ambayo ndiyo ngama ya safari yoyote. Chombo cha mbao hakimaliziki kuundwa. Huundwa upya kila safari. Jua hupasua mbao za juu, na funza wa baharini hutoboa za chini. Kwa hiyo mafundi hungoja bamvua, chombo kikapandishwa ufukweni na maji makuu, kikawekewa magadi ubavuni kisianguke. Maji yakitoka, kazi huanza mara moja, kwani bahari haiwangoji. Magamba na mwani hukwanguliwa. Pamba iliyolowekwa mafuta husokotwa, ikashindiliwa kwa patasi na nyundo katika kila upenyo wa mbao. Hiyo ndiyo kalafati. Kisha sehemu izamayo majini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, na mbao za juu hupakwa sifa, mafuta ya papa. Taruma lililooza hutolewa, fundi akachonga jingine kwa tezo bila ya mchoro wowote, akiongozwa na jicho lake.

Villiers anaziheshimu kazi za namna hii. Hata hivyo, anapozieleza kwa lugha yake kwa wasomaji wa mbali, zinakuwa mandhari. Katika Kiswahili zina historia. Neno nahodha limetoka Uajemi, kalafati limepitia Kiarabu, na tanga ni neno la Kibantu. Maneno matatu yanasimama pamoja juu ya chombo kimoja, yakishuhudia kwamba ufundi huu haukuletwa ukiwa umekamilika kutoka ng'ambo. Watu wa pwani waliupokea, wakautilia wao, wakautawala.

Mwanafunzi anaweza kukisoma kitabu hiki sambamba na riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inayosimulia maisha ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Shafi anaitazama meli kutoka chini, kutoka mgongo unaobeba gunia. Hapo mwanafunzi atatambua kwamba bandari moja huwa bandari mbili, kulingana na mahali anaposimama msimuliaji.

Huenda mtu akasema kwamba tunamdai mgeni deni lisilo lake. Ni kweli. Mgeni aliandika alichokiona kutoka ubao aliopewa alalie, na asingeandika yeye, safari ile ingepotea. Picha alizopiga zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya bahari huko Greenwich, London, na ndani yake nyuso za mabaharia zinaonekana wazi. Lawama, basi, inaturejea sisi. Mkuu wa mafundi hakuandika kitabu kwa sababu kitabu chake kilikuwa chombo chenyewe, na chombo huoza. Sisi tuliosomeshwa kuandika ndio tuliopaswa kumkalia kitako na kumsikiliza.

Nafasi haijapita. Nungwi huko Unguja na Matondoni katika kisiwa cha Lamu tezo bado inalia. Lakini mashine imechukua kazi ya tanga katika vyombo vingi, na kila jina la kamba lisilotumika humfuata mzee wake kaburini. Mwalimu wa pwani anaweza kuwapeleka wanafunzi wake ufukweni siku ya bamvua, wakiwa na kalamu. Waulize kila ubao unaitwaje, nani alimfundisha fundi, analipwa kwa siku au kwa chombo, na kijana wake anafanya kazi gani. Majibu yao yatakuwa sura ambayo Villiers hakuweza kuiandika.

Tumekwisha kusomewa habari za tezi na omo. Imebaki ngama, na maji ya huko hayafuliwi na abiria.