Ufundi wa Kumkuza Samaki-Jua

Samaki-jua ni jamii ya samaki wa maji baridi wenye asili ya Amerika Kaskazini: mwili bapa, na wengi wao mdomo mdogo na kifua chenye rangi ya machungwa. Maarufu kuliko wote ni bluegill, ambaye kwa watoto wengi wa Marekani ndiye samaki wa kwanza kuvuliwa. Haogopi kukaa kandokando ya maji, wala hachagui chambo. Kipande cha nyungunyungu kwenye ndoano ndogo kinamtosha.

Shida yake ni uzazi. Maji yakipata joto la nyuzi 20 na zaidi, dume huchimba kiota cha duara penye kina kifupi, jike hutaga humo maelfu ya mayai, na dume huyalinda mpaka yaanguliwe. Bwawa hujaa upesi, chakula hakitoshi, na samaki hudumaa wakiwa wadogo kuliko kiganja. Wafugaji wa perege wanaifahamu vyema adha hiyo.

Dawa mojawapo ni chotara. Dume la bluegill hupandishwa kwa jike la samaki-jua wa kijani, mwenye mdomo mpana na ulafi mwingi. Wengi mno wa watoto wao huwa madume, kwa hiyo bwawa halisongamani haraka. Ndivyo pia dume la perege wa mto Wami, Tanzania, akipandishwa kwa jike la perege wa Msumbiji, anavyozaa karibu madume matupu.

Hata hivyo, ukubwa hauji kwa mbegu peke yake. Mfugaji hodari huweka vifaranga wachache kuliko bwawa linavyoweza kubeba, huwazoesha chakula cha vidonge, na huwatenga kwa ukubwa ili wenye nguvu wasiwapore wanyonge. Hapo ndipo ustadi wake unapostahili sifa: anajua kuwa kupunguza idadi ni kulisha.

Kabla ya safari ya kwenda kwenye madimbwi ya bustani za mjini, ambako watavuliwa, samaki hunyimwa chakula, wasichafue maji ya tangi. Husafirishwa kwa oksijeni, na wakifika kwenye dimbwi, maji ya tangi huchanganywa taratibu na ya dimbwi, maana badiliko la ghafla la joto huua.

Machotara si tasa, lakini watoto wao hawarithi ukuaji wa wazazi wao. Kwa sababu hiyo huwekwa besi, samaki mla samaki, wa kuwala vifaranga hao, na upandikizaji hurudiwa kadiri wavuvi wanavyovua. Kazi hii ya subira ndiyo inayompa mkazi wa mji, asiye na mashua wala shamba, samaki wa kujaa mkono karibu na nyumbani kwake.