Nakala ya Nakala

Msomaji wangu, ukifika Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru, utaonyeshwa mwamba uliochongwa vishimo vidogo vilivyopangwa kwa safu. Mary Leakey alianza kuchimba mahali hapo mwaka 1937, na vishimo hivyo hutambuliwa kuwa ubao wa mchezo wa jamaa ya bao, mchezo ambao Wakikuyu huuita giuthi na Wamaasai huuita enkeshui. Ubao upo. Waliouchonga hawapo, wala mwamba hausemi kete ngapi zilitiwa katika kila shimo, wala nani alianza, wala nani alicheka mwisho. Nimesimama mbele ya mwamba ule mara mbili, na mara zote mbili nilifikiri jambo ambalo mlinzi wa mahali pale angalistaajabu kama ningalimwambia. Nilifikiri michezo ya video.

Usicheke. Nimekuwa mpenzi wa michezo hiyo tangu utoto wangu katika Ndabibi, na sasa kidevu changu kina mvi. Wako watu wazima waionao kuwa upuuzi mtupu. Sitabishana nao leo, maana mtu asiyeona maana ya bao hawezi kufundishwa kwa insha. Nataka kusema nawe juu ya jambo jingine: juu ya michezo ya zamani, na juu ya programu zinazoifufua, na kama kile kinachofufuka ni chenyewe au ni kivuli chake.

Programu hizo huitwa emuleta. Kazi yake ni kuifanya kompyuta au simu ijifanye mashine nyingine. Chukua mfano wa Famicom, mashine iliyotolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani mnamo Julai 1983. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2 tu. Isingaliweza kuyabeba maneno ya insha hii unayoisoma. Mchezo wenyewe ulikaa katika kaseti ya plastiki iliyochomekwa juu ya mashine. Emuleta husoma amri za kaseti hiyo moja baada ya moja, na kwa kila amri hujiuliza: mashine ya kale ingalifanya nini hapa? Kisha hufanya vivyo hivyo. Kazi hiyo ni ghali kuliko inavyoonekana, kwa sababu mwigaji lazima atende kazi yake mwenyewe na ya yule anayemwiga. Mwaka 2011, programu iliyotaka kuiga kwa ukamilifu mashine iliyofuata ya Nintendo, ambayo moyo wake ulipiga chini ya mara milioni 4 kwa sekunde, ilihitaji kompyuta ambayo moyo wake ulipiga kiasi cha mara bilioni 3. Waigaji walio wengi hawafikii ukamilifu huo. Hukisia hapa, huruka pale, na mchezaji hajui.

Basi hapa ndipo penye neno. Ubao wa Hyrax Hill umebaki bila mchezo wake. Emuleta hutuachia mchezo bila ubao wake. Ni kipi katika viwili hivi kilicho bora kubaki?

Ndabibi ni uwanda ulio magharibi ya Ziwa Naivasha, na mlima Eburru unausimamia kwa upande wa kaskazini. Udongo wake una majivu ya volkano, na wakati wa kiangazi vumbi lake huingia katika chakula, katika macho na katika kaseti. Nilipokuwa mtoto palikuwa na kibanda kimoja cha mabati chenye jenereta, televisheni ya chogo na mashine ya michezo. Tulilipa shilingi, tukaketi juu ya kreti za soda. Mchezo ulipokataa kuwaka tuliitoa kaseti, tukaipuliza kwa nguvu kama mtu apulizaye makaa, tukairudisha, nao ukawaka. Baadaye sana nilijifunza kwamba pumzi zetu hazikusaidia kitu. Unyevu wake uliharibu shaba, na kilichosaidia ni kule kuitoa na kuirudisha tu. Lakini mwambie hivyo mtoto aliyeuona muujiza kwa macho yake!

Sasa sikiliza vizuri. Mashine ile haikuwa ya Nintendo. Ilikuwa nakala, iliyotengenezwa na watu ambao hawakuandika jina lao juu yake, na kaseti zake zilikuwa nakala pia. Kaseti moja ilijigamba kwa tarakimu kubwa kwamba ina michezo 9999999. Tulihesabu kwa subira, tukakuta michezo michache, na iliyobaki ilikuwa ile ile iliyoanzishwa katika hatua nyingine na kupewa jina jingine. Ulikuwa uwongo, nasi tuliupenda. Katika Ndabibi ya utoto wangu sikuona hata mara moja mashine yenye nembo halisi.

Nakueleza haya kwa sababu wako mashabiki, hasa katika nchi tajiri, wasemao kwamba emuleta ni bandia, na kwamba ukweli umo katika mashine ya asili, kaseti ya asili na televisheni ya zamani. Wanayo hoja, nami nitaitaja baadaye. Lakini wakisema asili, mimi hujiuliza ni asili ya nani. Kwa mtoto wa Tokyo ni Famicom. Kwangu mimi asili ilikuwa nakala. Emuleta iliponifikia ilikuwa nakala ya pili, nayo ilinifundisha kwamba ile ya kwanza ilinidanganya kwa jambo kubwa.

Ilikuwa hivi. Nilipokwisha kuwa mtu mzima niliketi mbele ya kompyuta nikafungua mchezo wa Contra, uliotungwa na kampuni ya Konami na kutolewa kwa Famicom mwaka 1988. Nilikuwa nimeucheza mara zisizo na hesabu. Nilijua kila askari atatokea wapi. Nikaanza, nikafa. Nikaanza tena, nikafa tena. Kila kitu kilikuwa na haraka: risasi zilinifikia kabla sijaruka, na hata muziki ulikwenda mbio kama ngoma iliyopigwa na mtu mwenye basi la kuwahi. Nikaihukumu programu ile kuwa mbovu, nikaifunga kwa hasira.

Programu haikuwa na kosa. Televisheni za Kenya katika miaka ile zilifuata utaratibu wa PAL, uonyeshao picha 50 kwa sekunde. Za Japani zilifuata utaratibu wa NTSC, wenye takriban picha 60. Michezo ile ilipima wakati wake kwa picha, kila picha hatua moja. Mchezo uliotungwa kwa picha 60, ukiendeshwa kwa 50 bila kurekebishwa, hubaki na sehemu tano katika sita za mwendo wake. Ushujaa wangu wote wa Ndabibi ulikuwa ushujaa dhidi ya maadui waliochelewa. Nilicheka peke yangu nilipoyafahamu haya, kisha nikahuzunika kidogo, kama mtu aambiwaye kwamba wimbo wa bibi yake ulikuwa na beti nyingine ambazo bibi hakuzijua.

Tangu siku hiyo nimekuwa na kipimo changu cha emuleta, nami nakupa ukitumie au ukikatae. Emuleta njema ni ile ikuambiayo imechagua nini. Ile inayoniruhusu kuchagua 60 ya Tokyo au 50 ya Ndabibi ni ya kweli mara mbili. Ile inayorekebisha kimya kimya ni mhariri mbaya. Famicom iliweza kuchora vipande vinane tu vya picha zitembeazo katika mstari mmoja wa kioo. Vikizidi, baadhi hupotea, na watunzi wengi walivibadilisha zamu ili vimetemete badala ya kutoweka. Ziko programu zinazoondoa kumetameta huko, picha ikawa safi. Ni safi, ndiyo, lakini mtunzi aliujua mpaka wa vinane, akatunga akiuzunguka, kama mshairi aizungukavyo mizani yake. Ukiuondoa mpaka, huoni tena ustadi wake.

Nina shauri kali zaidi juu ya uwezo wa kuhifadhi mchezo katika nukta yoyote na kuirudia. Contra humpa mchezaji maisha matatu, na risasi moja yatosha kumaliza moja. Mchezo wote umejengwa juu ya hofu hiyo. Ahifadhiye kila baada ya hatua mbili anacheza bao huku akirudishiwa kete zake kila anapoliwa. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimefanya hivyo, usiku, mlango ukiwa umefungwa.

Juu ya sheria nitasema machache, kwa kuwa wengi huchanganya mambo mawili. Kutengeneza emuleta ni jambo moja. Kunakili mchezo wa mwingine ni jambo jingine. Mwaka 2000 mahakama ya rufani huko Marekani, katika kesi ya Sony na kampuni ya Connectix, iliamua kwamba kuichunguza mashine ili kuunda programu ya kuiiga kulikuwa matumizi ya haki. Lakini mwaka 2024 waliounda Yuzu, programu iliyoiga mashine ya Nintendo iliyokuwa bado madukani, walikubali kulipa dola 2,400,000 na kuacha kazi yao. Katika Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi. Mchezo una mwenyewe kama kitabu kilivyo na mwenyewe. Sikushauri uibe. Hata hivyo, kitabu kisichouzwa tena huenda ukakikuta katika maktaba. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilichunguza michezo iliyotolewa Marekani kabla ya 2010, likaona kwamba asilimia 87 haikuwa ikiuzwa tena. Mwenye mali asiyeuza, asiyetoa ruhusa, wala asiyeweka akiba, anaiacha kazi ife, kisha amlaumu aliyeiokota. Hapo mimi simtetei.

Leo kijana wa Ndabibi hana haja ya kibanda. Anayo PPSSPP, programu ya Henrik Rydgård iliyotoka mwaka 2012, ambayo huigeuza simu kuwa PSP, mashine ya mkononi ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 2004. Mashabiki huuchukua mchezo wa zamani wa kandanda, wakauvika jezi za msimu huu na majina ya wachezaji wa sasa. Wahifadhi wakali hukunja uso. Mimi napendezwa, kama nipendezwavyo na maneno mapya katika tuni ya kale, maadamu tuni yenyewe imewekwa mahali bila kuguswa.

Sasa ile hoja ya wapenzi wa mashine za asili. Ukweli wao ninauona katika Duck Hunt, mchezo wa Nintendo wa mwaka 1984. Unashika bunduki ya plastiki, bata anaruka, unafyatua. Kioo hugeuka cheusi kwa kitambo kisichopimika, na mahali alipo bata huwa peupe, na jicho lililo ndani ya bunduki huutafuta weupe huo. Hila hii ilitegemea televisheni ya chogo, ambayo haichelewi. Mbele ya kioo bapa cha leo bunduki ile ni kipofu. Emuleta itakuambia uguse bata kwa kidole. Ni bata yule yule, lakini si uwindaji.

Tena kuna jambo ambalo hata mashine ya asili hairudishi. Katika Duck Hunt, palipo na bata mmoja, mtu wa pili aweza kumwongoza bata kwa padi. Katika kibanda chetu waliokosa shilingi ya bunduki waliachiwa kazi hiyo bure, na wengine walikuwa mabata hodari kuliko bata wa ziwani. Katika hatua ya tatu ya Contra wachezaji wawili hupanda maporomoko ya maji. Picha humfuata aliye juu, na aliyeachwa chini hufa kwa kuachwa tu. Hakuna adui aliyegusa. Kwa ajili ya maporomoko hayo nimeona urafiki ukivunjika asubuhi na kuungwa jioni. Emuleta imehifadhi amri hiyo bila kupunguza hata nukta. Haikuhifadhi kreti ya pili ya soda.

Mwaka jana mpwa wangu alikuja likizo, naye ni mwanafunzi kama wewe. Nilimfungulia Contra katika kompyuta, nikachagua picha 50, nikamgawia nusu ya vitufe. Tulibanana mabega. Alikufa mara nyingi, akaniuliza kama mchezo huu umeharibika, mbona hauna pa kuhifadhi. Nikamwambia pa kuhifadhi pamefungwa. Siku ya tatu tulifika penye maporomoko. Nilimwonya apande polepole, tukapanda jiwe kwa jiwe, kisha akaona silaha inaelea juu akasahau yote.

"Mjomba, mbona unakawia?" akaniuliza, wala hakuondoa macho kwenye kioo.

Nilikuwa nimekwisha kufa.