Mpira Uko Wapi?

Tangu Charles Hilary afariki dunia, Mei 11, 2025, nimesoma rambirambi nyingi za wapenzi wa mpira. Nyingi zinafanana kiasi kwamba ungeweza kufuta jina lake, ukaweka la mtangazaji mwingine, na asiwepo wa kushtuka. Gwiji. Nguli. Sauti ya dhahabu. Pengo lisilozibika. Sina shaka na machozi ya walioandika. Ninachokihoji ni maneno, kwa sababu marehemu aliishi kwa maneno, na kazi yake ilikuwa na kipimo kikali kuliko hicho.

Kipimo chenyewe ni swali moja: mpira uko wapi?

Msikilizaji wa redio hana uwanja, ana sauti tu. Kwa hiyo mtangazaji aliyeketi Uwanja wa Taifa wa zamani, ule tunaouita leo Uhuru na ambao wenye mji waliuita Shamba la Bibi, alidaiwa mambo manne kila baada ya sekunde chache: nani ana mpira, yuko sehemu gani, anaelekea lango lipi, na saa inasemaje. Ndiyo maana watangazaji wetu walipenda kutaja lango la kaskazini na lango la kusini. Hazikuwa mbwembwe, ilikuwa ramani. Mtangazaji akishakupa ramani, ndipo anaruhusiwa kupandisha sauti. Akipandisha kabla, mtu aliye Kariakoo anaruka kitini bila kujua ameruka kwa sababu gani.

Hilary alitoka katika shule hiyo, Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyowatoa pia kina Ahmed Jongo na Omar Masoud Jarawa. Kisha akaenda Radio One, ambako muziki ulimpa jina la Mzee wa Macharanga. Akavuka bahari hadi idhaa za Kiswahili za Deutsche Welle, Ujerumani, na BBC, London, halafu akarudi nyumbani, Azam. Mauti yalimkuta akiwa Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mimi, kama wengi wa rika langu, nilimjua zaidi kwenye kioo.

Na kioo kinampokonya mtangazaji kazi yake ya kwanza. Picha ikishaonyesha mchezaji anapiga kona, kutuambia kwamba anapiga kona ni sawa na kumwambia mtu aliyelowa kuwa mvua inanyesha. Nafasi hiyo iliyobaki wazi wengi huijaza kwa kelele. Nilichokipenda kwa Hilary ni kwamba hakuwa na papara nayo. Sauti ile nzito ilikaa chini ya mchezo, sentensi ikaachwa ifike mwisho wake, na Kiswahili hakikukimbilia msaada wa Kiingereza kila kilipobanwa. Unaweza kusema utulivu ule ni wa zama nyingine, na hutakuwa umekosea sana. Runinga ya leo inalipa msisimko. Lakini yule aliyezoea kumchorea asiyeona alijua pia wakati wa kumwachia anayeona atazame.

Leo ukipita Mtaa wa Msimbazi asubuhi, redio za madukani zinashindana kwa wachambuzi wanaokatizana. Sababu yake naielewa. Mwaka 2021 Azam ilisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Picha sasa tunayo, ya kutosha na ya kurudia. Kilichobaki cha kuuza ni maoni, na maoni huuzika zaidi yakiwa na jezi. Kabla mchambuzi hajamaliza sentensi ya kwanza, kijiwe kizima kimeshaamua kama ni Simba au Yanga.

Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa kati ya Msimbazi na Jangwani, katikati ya klabu mbili zinazougawa mji huu, nimewasikia watu wakimkumbuka Hilary. Vijana tulianza na yale yale: sauti, heshima, pengo. Mzee mmoja wa Yanga hakutumia sifa hata moja. Alieleza redio ilivyowekwa juu ya gunia la mchele dukani, nani alipigwa marufuku kuigusa, waya wa antena ulivyotolewa dirishani, na watu walivyonyamazishana wasikie kama mpira umetoka au umeokolewa. Halafu akaanza kuisimulia mechi yenyewe: winga alivyoambaa na mstari, beki alivyoteleza, kipa alivyobaki amesimama.

Nikamuuliza, "Shikamoo mzee, mtangazaji alikuwa anasemaje hapo?"

Akanitazama, akacheka. Hakukumbuka neno hata moja. Alisimulia kama mtu aliyekuwa jukwaani, kumbe alikuwa dukani, mbele ya gunia la mchele. Maneno yalifanya kazi yao, yakaondoka, yakamwachia picha. Sijasikia sifa kubwa kuliko hiyo kwa mtangazaji yeyote, na mzee hakujua kama anasifu.

Siku sita baada ya msiba huo, Simba ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ugenini na RS Berkane ya Morocco, ikafungwa 2-0. Marudiano yakapigwa Mei 25 Uwanja wa Amaan, Unguja, yakaisha 1-1, kombe likaondoka. Fainali ya Afrika iliyotangulia kwa Simba ilikuwa ya Kombe la CAF mwaka 1993, ilipofungwa 2-0 hapa Dar es Salaam na Stella Abidjan. Mwaka ule Tanzania Bara haikuwa bado na kituo cha runinga. Asiyekuwa uwanjani alikuwa na redio yake au hakuwa na kitu. Hii ya 2025 tumeiona kwenye kibanda umiza, nyumbani na kwenye simu. Mwombe shabiki wa rika langu akusimulie bao la Joshua Mutale pale Amaan. Atatoa simu akutafutie video.

Sisemi zamani kulikuwa bora. Redio nayo ilidanganya, shuti la kawaida likawa kombora kwa sababu tu mtangazaji amelipenda. Ninachosema ni kwamba redio ilimlazimisha shabiki kushika mechi kichwani na kuisimulia upya kwa maneno yake, na mashabiki hao wanazeeka. Video ya bao la Mutale itakuwepo kesho. Mechi ya juu ya gunia la mchele haiko popote isipokuwa kwa mzee yule, na kahawa yake ilikuwa imebaki funda moja.

Basi kabla hujaandika tena kwamba tumepoteza nguli, nenda kijiweni, agiza kahawa na kashata, mwamkie mzee aliye karibu nawe. Usimuulize kama Charles Hilary alikuwa mtangazaji mzuri. Muulize mechi gani, alikaa wapi, redio ilikuwa ya nani, na bao liliingia lango la kaskazini au la kusini.