Kusikilizwa kwa Lugha Gani? Tathmini ya Nadharia ya Haki ya Utaratibu

Kwa muda mrefu sosholojia ya haki imejikita katika mgawanyo: nani amepata nini, na kwa kigezo gani. Saikolojia jamii iliongeza swali jingine: mtu alitendewaje kabla ya kupewa au kunyimwa? John Thibaut na Laurens Walker walilichunguza mwaka 1975. Tom Tyler akaliendeleza katika *Why People Obey the Law* (1990), kitabu kilichotokana na mahojiano na wakazi 1,575 wa Chicago. Anadai kwamba watu hutii sheria hasa wanapoiona kuwa na uhalali, na kwamba uhalali huo hujengwa na utaratibu wa haki, hata machoni pa aliyeshindwa.

Mchango huu unaeleza jambo ambalo takwimu za mgawanyo haziwezi kulieleza. Hata hivyo, lugha ya shauri haimo miongoni mwa vigezo vya Tyler. Nchini Tanzania pengo hili ni kubwa. Kwa miaka mingi, katika mahakama za juu, shahidi alisema kwa Kiswahili, jaji akaandika kwa Kiingereza, na hukumu ikatolewa kwa Kiingereza. Mdaawa alipewa nafasi ya kusema, lakini hakuweza kuhakiki kilichoandikwa. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, huku yakiruhusu Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji. Kwa hiyo, lugha ni sehemu ya utaratibu wenyewe.

Tatizo la pili limo katika hojaji. Neno *haki* hubeba stahili, uadilifu na matokeo kwa pamoja. Anayeulizwa, “Je, ulitendewa haki?” akajibu, “Hapana,” huenda hakusikilizwa, au huenda alisikilizwa vyema ila akapoteza shamba. Tafsiri ya namna hii hufuta tofauti ileile ambayo nadharia inakusudia kuipima. Ni bora kuuliza maswali matatu: Ulieleza upande wako? Ulielewa sababu za hukumu? Ulipata ulichostahili?

Swali la tatu lisiachwe. Mahakama yenye adabu yaweza kutekeleza sheria dhalimu, na mdaawa akaondoka ameridhika. Mshauri wa sera anayepima ridhaa pekee atahesabu dhuluma hiyo kuwa mafanikio. Saikolojia jamii iisaidie sosholojia kuuona utaratibu, lakini isichukue nafasi ya swali la mgawanyo.